Je, Wajua? Mwalimu wa Miezi Mitatu, Shule Inayoelea na Ng'ombe 14

Ukimuuliza mtoto wema ni nini, atakupa jibu la kitabuni. Mpe mwenzake wa kumsaidia, udongo wa kukanyaga au daraja la kusuka, hapo ndipo utakapojua amejifunza nini. Toleo hili limezunguka madarasa, vijiji na karakana za nchi mbalimbali likitafuta watu, wadogo kwa wakubwa, waliojifunza utu na ufundi kwa mikono yao. Soma, msomee na jirani yako, na usikose zoezi la mwisho.

WEMA DARASANI

1. Kuna walimu wasio na meno
Mwaka 1996, mjini Toronto, Canada, Mary Gordon alianzisha mpango uitwao Roots of Empathy. Mtoto mchanga wa mtaa uleule, ambaye huanza kazi akiwa na miezi miwili hadi minne, huletwa shuleni na mzazi wake mara kadhaa katika mwaka wa masomo. Hulazwa juu ya blanketi la kijani, wanafunzi wakalizunguka. Kazi yao ni kumtazama tu. Analia kwa nini? Ana njaa, amechoka, au kelele zimemtisha? Akishindwa kutambaa, hununa au hujaribu tena? Wakishazoea kusoma uso wa asiyeweza kujieleza, huulizwa swali la pili: je, mwenzako wa dawati la nyuma, leo uso wake unasemaje?

2. Dubu wa zambarau yuko kazini
Denmark wana mpango wa kupinga uonevu ulioanza mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa chekechea na madarasa ya chini. Darasa lina dubu mkubwa wa kitambaa cha rangi ya zambarau, na kila mtoto ana wake mdogo. Mwenzako akianguka au akiachwa peke yake uwanjani, unamkimbilia na dubu. Watoto hufundishwa pia kukandana mgongo taratibu, kwa hoja nyepesi: ni vigumu kumpiga mtu uliyetoka kumkanda. Wazo lenyewe Wadenmark walilichukua Australia.

3. Mtazamaji naye ana kesi
Mwaka 1982, vijana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na uonevu wa shuleni ukatajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata nchi nzima iliingia kwenye kampeni, na mwanasaikolojia Dan Olweus akaandaa mpango ambao baadaye ulienea nchi nyingi. Majirani zao wa Finland nao wakaja na wao, KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku. Huo huwaelekea zaidi wale wanaosimama pembeni na kucheka, kwa sababu mwonevu akikosa wa kumshangilia, raha humwisha.

4. Fulana 50 zilimaliza ubishi
Mwaka 2007, katika jimbo la Nova Scotia, Canada, mvulana mgeni shuleni alidhihakiwa kwa kuvaa shati la waridi. Wanafunzi wawili wa darasa la mwisho hawakupiga mtu wala kupeleka mashtaka. Walikwenda dukani wakanunua fulana 50 za waridi, wakazigawa asubuhi mlangoni mwa shule. Wenzao wengi walikuja na za kwao, na shule ikageuka waridi. Leo Canada ina siku maalumu ya mashati hayo kila Februari.

5. Ufagio ni wa wote, upawa pia
Habari kwamba wanafunzi wa Japani hufagia na kupiga deki madarasa yao haitamshangaza aliyesoma Tanzania au Kenya, ambako ndoo na ufagio ni sehemu ya ratiba. Jambo la kutazama ni saa ya chakula. Katika shule za msingi za huko, watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, hufuata masufuria jikoni, kisha humpakulia kila mmoja, mwalimu akiwemo. Hakuna anayeonja kabla wote hawajapata. Wiki ijayo aliyepakuliwa ndiye mpakuaji.

6. Kipindi kisicho na mtihani
Julai 2018, serikali ya jimbo la Delhi nchini India ilizindua somo la furaha katika shule zake, kuanzia chekechea hadi darasa la nane. Lilianza kwa kutulia kimya na kuvuta pumzi, kisha hadithi, kisha mazungumzo. Halikuwa na mtihani wala alama.

7. Upendo uko kwenye mtaala
Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, unataja maadili ya kukuzwa katika kila somo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Maana yake, hata mwalimu wa Hisabati anatakiwa aonyeshe amefundisha lipi kati ya hayo.

8. Sahani bila bili
Finland ndiyo nchi ya kwanza kumpa kila mwanafunzi chakula cha mchana bila malipo, tangu mwaka 1948, ilipokuwa bado inajikongoja baada ya vita. Haikungoja itajirike.

9. Tarehe ya kuandika daftarini
Siku ya Wema Duniani ni 13 Novemba. Imeadhimishwa tangu mwaka 1998.

NG'AMBO WANAISHIJE?

10. Saa yao ni saa yetu
Mgeni wa Ulaya akiambiwa mjini Addis Ababa kwamba kipindi kinaanza saa mbili asubuhi, huchanganyikiwa. Mswahili hana la kuuliza: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Kitakachomtatiza ni kalenda. Mwaka wao una miezi 13, ambapo 12 ina siku 30 kila mmoja, na wa mwisho siku tano au sita. Mwaka mpya huingia Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

11. Darasa la hewani
Kuanzia mwaka 1951, watoto wa mashamba ya mbali katikati ya Australia walisoma kwa redio kutoka mji wa Alice Springs. Masafa waliyaazima kwa madaktari wanaozuru wagonjwa kwa ndege. Redio za mwanzo za madaktari hao zilibuniwa na Alfred Traeger mwishoni mwa miaka ya 1920. Zilipata umeme kwa kukanyaga pedali, kwa hiyo aliyetaka kusikika ilibidi miguu ifanye kazi kabla ya mdomo.

12. Mafuriko yakizuia wanafunzi, shule huwafuata
Mbunifu majengo Mohammed Rezwan wa Bangladesh aliona kila msimu wa mvua maji yakifunga njia na watoto wakibaki nyumbani. Mwaka 1998 alianzisha shirika, na mwaka 2002 boti yake ya kwanza ya shule ikaingia majini. Asubuhi boti hupita gati baada ya gati ikichukua watoto, kama basi la shule. Wakitimia, hutia nanga mahali patulivu, na basi linageuka darasa: madawati, ubao, vitabu, na kompyuta zinazotumia umeme wa jua kutoka paani. Somo likiisha, kila mtoto hurudishwa gatini kwake, na kundi jingine hupanda.

13. Wamasai waliipa Marekani ng'ombe
Wilson Kimeli Naiyomah, kijana wa Enoosaen nchini Kenya, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Aliporudi kwao mwaka 2002 akawasimulia wazee, nao wakakata shauri la kuwapa pole Wamarekani kwa mali wanayoithamini kuliko zote. Ofisa wa ubalozi alifika kijijini, akakabidhiwa ng'ombe 14. Kuwasafirisha kwa ndege ilikuwa mtihani, kwa hiyo ng'ombe wakabaki Enoosaen chini ya ulinzi wa wenyeji. Mwaka 2009 kisa hicho kilitolewa kuwa kitabu cha picha, na walimu wa Marekani hukitumia kuwaonyesha watoto kwamba msaada hautoki upande mmoja tu wa dunia.

14. Deni la viazi
Mwaka 1847, Waayalandi wakifa njaa baada ya viazi kuoza mashambani, taifa la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, lilichanga na kuwatumia takriban dola 170. Miaka 16 tu kabla ya hapo Wachoctaw wenyewe walianza kufukuzwa katika ardhi yao, wengi wakafia njiani. Leo mjini Midleton, Ayalandi, yamesimama manyoya tisa makubwa ya chuma kisichoshika kutu, yamepangwa kwa umbo la bakuli, kuwa shukrani. Na mwaka 2020, janga la korona lilipowaelemea Wanavajo na Wahopi, Waayalandi wengi walichanga wakisema wanarudisha fadhila.

15. Fadhila iliyongoja miaka 95
Mwaka 1890 meli ya kivita ya Kituruki, Ertuğrul, ilizama kwa dhoruba karibu na Kushimoto, Japani. Zaidi ya mabaharia 500 walikufa. Wavuvi waliwaokoa 69, wakawagawia nguo na chakula chao kidogo. Mwaka 1985, vita vya Iran na Iraq vilipopamba moto na Wajapani zaidi ya 200 wakakwama Tehran bila ndege, Uturuki ilituma ndege ikawatoa.

16. Sanamu iliyojengwa na darasa
Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima. Mwaka 1955, akiwa na miaka 12, saratani ya damu ilimlaza hospitalini, na huko alikunja korongo wa karatasi mmoja baada ya mwingine, kwa imani ya Kijapani kwamba atimizaye elfu hupata analoomba. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Wanafunzi wenzake hawakuishia kwenye maziko. Walianza mchango wa kumjengea kumbukumbu yeye na watoto wote waliouawa na bomu, na shule zaidi ya 3,100 za Japani, pamoja na wachangiaji wa nchi nyingine tisa, zikaitikia. Sanamu ilizinduliwa 5 Mei 1958: msichana ameinua mikono, juu yake korongo. Hadi leo watoto wa mataifa mengi hutuma huko korongo wa karatasi kwa mamilioni kila mwaka.

MIKONO INAYOJENGA

17. Njegere zilizaa kuba
Buckminster Fuller, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, aliingia chekechea akiwa haoni vizuri na bado hajapata miwani. Mwalimu aligawa vijiti na njegere zilizokauka kidogo, watoto wajenge nyumba. Wenzake walijenga maboksi waliyoyaona mtaani. Yeye, akipapasa kwa vidole, aligundua kwamba mraba unayumba na pembetatu haiyumbi, akajenga kwa pembetatu tupu. Mwaka 1967 alijenga kuba kubwa la Marekani katika maonyesho ya dunia ya Montreal. Lilikuwa mtandao wa pembetatu, na fremu yake ingalipo.

18. Shule iliyoshindiliwa na akina mama
Gando, Burkina Faso, hakukuwa na shule, hivyo Francis Kéré alipelekwa mbali na nyumbani akiwa na miaka saba, akasoma katika chumba kilichojaa watoto zaidi ya 100 na joto la tanuri. Alipokuwa mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin, alichangisha fedha ili ajenge shule kwao. Wanakijiji walitarajia saruji na vioo vya Ulaya. Akawaambia watajenga kwa udongo. Waliguna: udongo utahimili mvua ya kwanza? Akawaonyesha tofali la udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Kisha akaweka dari ya matofali yenye upenyo, na juu yake, kwa mbali, bati lililonyanyuliwa kwa vyuma, ili joto lipite katikati na kutoka. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake walishindilia sakafu. Shule ilikamilika mwaka 2001. Kwenye maktaba iliyofuata, akina mama walileta vyungu, vikakatwa vitako na kupangwa kwenye dari viwe madirisha ya mwanga na hewa. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, heshima kuu ya wasanifu majengo.

19. Mchwa wa Turkana
Kéré huyohuyo ndiye aliyesanifu chuo cha teknolojia kando ya Ziwa Turkana, Kenya, kilichofunguliwa mwaka 2021. Minara yake mirefu, inayotoa hewa ya moto juu, imeigwa kwa vichuguu vya eneo hilo.

20. Ada ilikuwa taka
Katika shule ya Akshar, jimbo la Assam nchini India, iliyoanzishwa mwaka 2016, watoto walikuwa wakija na ada ya ajabu: mfuko wa taka za plastiki kutoka nyumbani, zile ambazo zamani zilichomwa moto na moshi wake kuingia madarasani. Waliishindilia plastiki hiyo ndani ya chupa mpaka chupa ikawa ngumu kama tofali, kisha wakaijengea. Wakubwa huwafundisha wadogo na kulipwa kwa pesa bandia zinazonunua vitu halisi kwenye duka la shule.

21. Daraja la kupandwa
Wakhasi wa Meghalaya, India, hawajengi daraja kwa mbao, maana mvua za huko huziozesha. Huielekeza mizizi ya mpira wa porini ivuke mto, huifunga na kuisuka, kisha husubiri. Inaweza kuchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kupitika. Kinachoharibu madaraja mengine, yaani muda, hili hulizidishia nguvu.

22. Daraja la majani
Kila Juni, vijiji vya Waquechua nchini Peru hukata daraja lao la zamani juu ya mto Apurímac na kulitundika jipya, lote la kamba za majani. Wanawake husokota kamba nyembamba, wanaume husuka nene. Kwa siku tatu linakuwa tayari: urefu wa mita 28 hivi, linabeba watu. Ujuzi haujapotea kwa sababu kila mwaka kuna mtoto anayetazama.

23. Msikiti unaohitaji watoto wenye matope
Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, uliosimama tangu 1907, ni wa udongo, na kila mwaka mji mzima huupiga lipu upya. Matope na pumba za mpunga huvundikwa shimoni kwa siku kadhaa, na wavulana huingia humo kuyakanyaga na kurushiana. Ni mchezo, na ni kazi ya lazima: bila hao, lipu haichanganyiki.

24. Mti ndio ulioamua upana wa chumba
Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni virefu na vyembamba, na si kwa kukosa kiwanja. Dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Majahazi yalipeleka boriti hizohizo Uarabuni na Ghuba, nako vyumba vya kale vikafuata kipimo cha mikoko ya Afrika Mashariki.

25. Jahazi la malapa
Flipflopi lilishushwa baharini Lamu mwaka 2018. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha taka za plastiki, wakatengeneza mbao zake, wakazichonga kwa tezo na kuziunga kama mbao za mti, kisha wakalivika mwili mzima vipande vya malapa yaliyookotwa ufukweni, kama 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri takriban kilomita 500 hadi Zanzibar, likitia nanga njiani kuzungumza na wanafunzi kuhusu taka za baharini.

26. Umeme kutoka maktaba
William Kamkwamba wa Malawi aliacha sekondari wakati wa njaa ya mwaka 2002 kwa kukosa ada. Alikuwa na miaka 14. Hakuacha kusoma: aliingia maktaba ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu chenye picha ya mitambo ya upepo. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na miti ya mikaratusi alisimamisha mtambo, na taa ikawaka nyumbani.

27. Karakana ya uchochoroni
Usidharau gari la waya. Litazame kwa karibu: fremu imekunjwa kwa meno na jiwe, magurudumu ni malapa yaliyokatwa kwa wembe, ekseli ni kijiti, na usukani una mkono mrefu unaofika kifuani ili dereva aendeshe akitembea. Gurudumu likigoma, fundi wa miaka minane hupaka mafuta ya kula kwenye ekseli. Hilo ni somo la msuguano, na amelifikia kabla ya mwalimu wa Fizikia.

28. Matofali sita
Matofali ya Lego yaliyotengenezwa Denmark mwaka 1958 hushikana na ya leo bila tatizo. Ukichukua sita tu ya ukubwa wa vifundo nane na rangi moja, unaweza kuyaunga kwa namna 915,103,765. Mtoto akisema hana cha kujenga, mwonyeshe namba hiyo.

29. Shule iliyoanguka, wazo likasimama
Mwaka 2013, Kunlé Adeyemi alijenga shule ya mbao ya ghorofa tatu juu ya mapipa 256 ya plastiki katika mtaa wa Makoko, Lagos, ambako nyumba zimesimama majini. Juni 2016 mvua kubwa iliiangusha, na hakuna aliyeumia. Ubunifu haukuzikwa: umeendelea kuboreshwa, na mwaka 2021 ukumbi wa muziki wa aina hiyo ulianza kuelea Mindelo, Cape Verde.

ZOEZI LA WIKI: MNARA WA NDIMU

Tom Wujec, aliyewasimamia watu wa kila aina katika shindano la kujenga mnara kwa tambi na peremende laini, aliona jambo lililowachekesha wengi: watoto wa chekechea waliwashinda wahitimu wa vyuo vya biashara. Wakubwa walitumia muda kupanga na kugombea nani awe mkuu, wakaweka peremende juu dakika ya mwisho, mnara ukalala. Watoto waliiweka tangu mwanzo, wakaona kinachoanguka, wakarekebisha.

Jaribuni nanyi. Kila kundi la watu wanne lipate vijiti 20 vya mishikaki, mita moja ya uzi, mita moja ya utepe wa gundi, na ndimu moja ndogo. Dakika 18. Mnara usimame wenyewe, ndimu ikae kileleni, na usishikizwe kwenye dawati wala ukuta.

Kanuni ya nyongeza ni ya safu hii: muda ukiisha, kila kundi ambalo mnara wake umesimama lipewe dakika tano za kusaidia kundi ambalo mnara wake umeanguka. Pima tena. Mshindi ni kundi lililowanyanyua wenzake kwa sentimita nyingi zaidi, na mwalimu aandike alama hizo kwenye daftari pamoja na zile za Hisabati.